Masta Ujerumani bila kumlipa wakala, karatasi gani inaanza na ipi inasubiri

Wiki iliyopita kuna binti wa Mbeya kanitumia mesej usiku, anasema kampa wakala milioni tatu na laki tano amtafutie chuo Ujerumani, na mpaka sasa ni mwezi wa tano anaambiwa "subiri inashughulikiwa". Nikamwomba jina la chuo, nikafungua ukurasa wao, nikakuta kuaplai pale ni bure, unajaza fomu, unapakia vyeti, umemaliza, na dedlaini ilishapita wiki tatu nyuma. Roho iliniuma sana. Hiyo hela ingelipa mtihani wa Kiingereza wa IELTS, pasipoti, viza, na tiketi ya ndege ingeonekana. Ndo maana nimekaa leo niandike yote ninayoyajua, niko huku mwaka wa tatu sasa, nilisoma digrii Dar, nikafanya kazi miaka miwili, nikaja kusoma masta, na sikumlipa mtu hata shilingi.

Kitu kimoja ukikishika utaenda vizuri: huku kila karatasi inasubiri karatasi nyingine. Viza inasubiri akaunti, akaunti inasubiri hela, barua ya chuo inasubiri transkripti, transkripti inasubiri watu wa chuo chako ambao nao wana foleni yao. Wakala hawezi kuifupisha hiyo foleni, anakaa tu katikati. Kwa hiyo kama unataka kuanza masomo Oktoba, anza kuhangaika Oktoba ya mwaka uliotangulia, mwaka mzima kabla, na usione ni mapema.

(Naongelea masta tu hapa. Wa kidato cha sita njia yenu ni tofauti kidogo, wengine wanatakiwa kupita kwanza Studienkolleg, mwaka mmoja wa maandalizi, hiyo nitaiandikia siku yake.)

Ada

Vyuo vya serikali Ujerumani vingi havina ada, hata kwa mgeni, na hii ni kweli kabisa. Unachangia tu mchango wa semesta, mara nyingi kati ya euro 100 na 350 kwa miezi sita, na sehemu nyingi ndani yake kuna tiketi ya treni na basi. Ila kuna mahali pa kuwa macho. Jimbo la Baden-Württemberg, yaani miji kama Stuttgart, Heidelberg, Freiburg, Karlsruhe, wageni wa nje ya Umoja wa Ulaya wanalipa euro 1,500 kila semesta tangu 2017. Na chuo cha TUM pale München nacho kimeanza kutoza wageni kuanzia msimu wa baridi wa 2024 (yaani semesta inayoanza Oktoba), na kwa masta kozi nyingi ni kati ya euro 4,000 na 6,000 kwa semesta. Halafu kuna vyuo binafsi, hivyo vinatoza hela ndefu kwelikweli, na hapo ndo mawakala wengi wanapokupeleka, kwa sababu vingi vinawapa kamisheni. Mtu akikuambia "nimekupatia chuo kizuri Berlin ada ni euro elfu kumi tu kwa mwaka", hajakupatia chuo, kakuuzia. Muulize kwanza kama ni cha serikali.

Kutafuta kozi

Ingia kwenye tovuti ya DAAD, hili ni shirika lao la kubadilishana wanafunzi, lina orodha kubwa ya kozi za kimataifa. Chagua masta, chagua lugha Kiingereza, chagua zisizo na ada. Utapata kozi nyingi mpaka uchanganyikiwe, usiaplai zote, chagua sita au saba halafu kila moja ifungue kwenye ukurasa wa chuo chenyewe usome masharti mstari kwa mstari. Wajerumani wakiandika kwamba wanataka kredit 30 za hisabati wanamaanisha 30, sio 28 na maelezo.

Hapo kwenye kredit ndipo Watanzania wengi tunakwama. Wao wanatumia ECTS, yaani kredit za mfumo wa Ulaya, mwaka mmoja wa masomo ni 60, na chuo kinataka kuona kwamba masomo uliyosoma yanafanana na ya digrii yao. Transkripti yetu inaandika jina la somo na herufi tu, sasa yule profesa wa huko atajuaje kwamba "MT 274" yako ndani yake kulikuwa na nini? Kwa hiyo nenda idara yako mapema uombe maelezo ya kila somo, silabasi ile, zenye muhuri kama inawezekana. Mimi nilienda idarani mara nne. Mara ya kwanza mhusika yuko likizo, mara ya pili printa mbovu, mara ya tatu niliambiwa hazijawahi kuombwa na mtu. Mara ya nne nilienda nimeshazichapa mwenyewe kutoka kwenye prospektasi ya chuo, kurasa 31, nikaomba tu wazigonge muhuri, wakagonga siku hiyohiyo. Fanya hivyo hivyo, usiwaachie kazi ambayo unaweza kuwafanyia.

GPA yako kwa Kijerumani

Hii hesabu jifunze kuipiga mwenyewe maana itakuokoa pesa za kuaplai. Kule maksi zinaenda kinyume, 1.0 ndo ya juu kabisa na 4.0 ndo ya mwisho kufaulu. Vyuo vingi vinageuza kwa fomyula moja: chukua GPA ya juu kabisa ya mfumo wenu, toa yako, gawanya kwa tofauti ya ya juu na ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, jumlisha 1. Kwa vyuo vyetu vya Tanzania ya juu ni 5.0 na ya chini ya kufaulu ni 2.0, tofauti ni 3, kwa hiyo ile tatu ya kugawanya na tatu ya kuzidisha zinauana, inabaki rahisi sana: 5 toa GPA yako, jumlisha 1. Mwenye 3.8 anakuwa na 2.2. Mwenye 4.4 ana 1.6. Mwenye 2.9 ana 3.1.

Sasa angalia hii. Kozi nyingi zinaandika kwamba wanataka wastani wa 2.5 au bora zaidi. Ukirudi nyuma, 2.5 ya kwao ni GPA ya 3.5 ya kwetu, palepale apasekondi inapoanzia. Kwa hiyo mwenye apasekondi asijidharau, mlango uko wazi. Mwenye lowa naye asikate tamaa, kuna kozi zinapokea mpaka 3.0 na kuna zisizoweka kikomo kabisa, hasa kwenye vyuo vinavyoitwa Hochschule au vyuo vya sayansi tumizi, na pale uzoefu wa kazi una uzito. Lakini usitupe euro zako kwa kozi iliyoandika 2.5 wakati wewe una 3.1, mfumo utakukata kabla mtu hajasoma hata barua yako.

Halafu kuna kitu kinaitwa anabin, ni hifadhi yao ya taarifa za vyuo vya dunia nzima. Tafuta chuo chako, kikiwa na H+ maana yake kinatambulika, usiwe na wasiwasi. Na ukiangalia video za watu huko YouTube utasikia sana habari ya APS, cheti cha kuhakiki vyeti vyako, hiyo inawahusu Wahindi, Wachina na Wavietnam, Mtanzania haikuhusu. Nimeona mtu katozwa laki nane na wakala "kushughulikia APS". Laki nane kwa karatasi isiyotakiwa, jamani.

Karatasi

Pasipoti kwanza, na kabla ya pasipoti, majina. Toa vyeti vyako vyote uviweke mezani, cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, cha digrii, kitambulisho cha NIDA, usome jina herufi kwa herufi. Mohamed na Mohammed ni watu wawili kwa Mjerumani. Aliyeandikwa majina mawili kwenye cheti cha NECTA na matatu kwenye pasipoti ataulizwa. Ukikuta tofauti nenda kwa mwanasheria ukaandikiwe hati ya kiapo mapema, usingoje ubalozi ukuulize. Pasipoti yenyewe ni shilingi 150,000, unaomba onlaini Uhamiaji.

Uzuri wetu ni kwamba vyeti vyetu viko kwa Kiingereza, sehemu nyingi huhitaji kutafsiri chochote. Vyuo vingi siku hizi wanapokea skani ya rangi ya cheti halisi, halafu halisi chenyewe unakuja nacho siku ya kujisajili. Vichache bado wanataka kopi zilizogongwa muhuri zitumwe kwa posta, soma vizuri, na kama ni hivyo tumia kampuni za kusafirisha vifurushi zenye namba ya kufuatilia.

Kiingereza, wengi wanataka IELTS 6.5. Kuna vyuo vinapokea barua ya chuo chako kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza, hivyo kabla hujalipa mtihani waandikie imeili uulize, imeili fupi, swali moja. Wanajibu. Hawa watu wanajibu imeili kuliko unavyodhani, ila ukiwaandikia swali ambalo jibu lake liko kwenye tovuti yao watakurudishia linki tu.

Barua ya motisha, sitaki kuongea sana, ila usianze na "tangu utotoni nilikuwa na ndoto". Anza na kazi uliyofanya. Niliandika kuhusu pampu ya maji ya kijiji kimoja ambayo tuliifunga ikafa baada ya miezi saba, na kwa nini nadhani ilikufa, na somo gani kwenye kozi yao linanifundisha jambo hilo, nikataja na jina la somo. Ukurasa mmoja na robo.

Kuaplai

Baadhi ya vyuo unaaplai moja kwa moja kwenye portal yao, bure. Vingine wanapitia uni-assist, ofisi moja inayokagua vyeti vya wageni kwa niaba ya vyuo vingi, ya kwanza unalipa euro 75 na kila ya nyongeza semesta hiyohiyo euro 30. Kwa hiyo ukipanga zako za uni-assist tatu, andaa euro 135. Hela isipofika hawafungui hata faili, lipa kwa kadi ya benki iliyofunguliwa malipo ya mtandao na uhifadhi risiti. Dedlaini ya kawaida kwa msimu wa baridi ni 15 Julai, LAKINI kozi za Kiingereza kwa wageni nyingi zinafunga mapema sana, Januari, Machi, Mei, na hilo lina sababu, viza yako inachukua muda. Aliyepata barua mwezi wa nane kuja kusoma mwezi wa kumi huwa anateseka.

Hela, hapa tukae kidogo

Ada hakuna, sawa, lakini serikali yao inataka ushahidi kwamba utakula nini. Njia ya kawaida ni Sperrkonto, akaunti iliyofungwa. Unaweka hela ya mwaka mzima, euro 11,904, halafu ukifika unatolewa euro 992 kila mwezi. Hicho kiwango ni cha tangu Septemba 2024, huwa kinapanda, angalia tovuti ya ubalozi wakati wako. Ukizidisha na bei ya euro inakuja milioni 30 na ushee. Najua. Nilipoipiga hiyo hesabu mara ya kwanza nilifunga laptopu nikatoka nje.

Ila elewa hii hela ni YAKO, haichukuliwi na mtu, ndo kodi yako na chakula chako cha mwaka. Na hapo ndipo kuna mtego mkubwa ambao nimeona umemaliza watu wawili ninaowajua. Mtu anakopa milioni zote thelathini kwa riba, anaziweka, anapata viza, anasema nikifika nitarudisha. Sasa utarudishaje, inatoka 992 kwa mwezi na kodi inakusubiri na bima inakusubiri, na nyumbani mkopeshaji anapiga simu kila tarehe tano? Mmoja wao alikuwa anafanya kazi ghala usiku mpaka akafeli mitihani yote ya semesta ya kwanza. Tafadhali usifanye hivi. Kama hela sio ya familia, sio akiba, sio kiwanja ulichouza kwa hiari yako, basi ni bora uahirishe mwaka ujichange au ukimbizane na ufadhili.

Ufadhili mkubwa ni wa DAAD wenyewe. Kwa sisi wa nchi zinazoendelea ule wa EPOS ndo mzuri, una orodha yake ya kozi maalum, unataka uwe na uzoefu wa kazi angalau miaka miwili baada ya digrii na digrii isiwe imepita miaka sita. Ukiupata huhitaji Sperrkonto, barua ya ufadhili inatosha, na bima wanalipa wao. Dedlaini zake nyingi zinaangukia kati ya Agosti na Oktoba, mwaka mmoja kabla ya kuanza, kwa hiyo anayeutaka huu aanze hata kabla ya ile Oktoba niliyosema mwanzo. Njia nyingine ni ndugu anayeishi Ujerumani kusaini kwamba atakugharamia, inaitwa Verpflichtungserklärung, anaenda ofisi ya wageni ya mji wake na hati za mshahara. Usimwombe mtu hivi kirahisi, anabeba mzigo wa kisheria.

Kwa mwenye Sperrkonto: zinafunguliwa onlaini na kampuni kama Expatrio na Fintiba, ukiwa bado Dar. Wanakupa namba ya akaunti, unaenda benki yako na barua ya chuo na hiyo hati ya kufungua akaunti, maana benki watauliza hela nyingi hivi inaenda nje kufanya nini. Sasa nisikilize vizuri. Mimi nilituma kiasi kamili, pamoja na ada ya kampuni, hata senti haijapungua. Njiani benki ya katikati ikakata chake, ikafika pungufu ya euro 23. Kwa euro 23 hawatoi ule uthibitisho, na bila uthibitisho huendi ubalozini. Nikalazimika kutuma tena euro hizo kwa makato ya kutuma ambayo yenyewe yalizidi hiyo hela, na zikapotea siku kumi na mbili. Kwa hiyo mwambie mtu wa benki makato yote yalipwe na anayetuma, na bado ongeza kama euro 50 juu. Ikizidi wanakurudishia ukifika.

Ubalozi

Ubalozi wa Ujerumani uko Umoja House, pale Mtaa wa Mirambo na Garden Avenue, Dar. Unachukua miadi onlaini, na miadi ichukue mara tu unapopata barua ya chuo, usingoje hela ikamilike ndo utafute tarehe. Viza ya taifa ni euro 75, unalipa kwa shilingi. Orodha ya nyaraka iko kwenye tovuti yao, ichape, panga karatasi zako kwa mpangilio uleule wa orodha, seti mbili. Watu wa dirishani wanataka kukugeuzia karatasi haraka, ukiwa unatafutatafuta kwenye begi unajipa presha mwenyewe.

Maswali ni ya kawaida, kwa nini kozi hii, inaungana vipi na ulichosoma, nani anakulipia, baada ya hapo unafanya nini. Jibu ukweli wako kwa sentensi fupi. Kijerumani hakilazimishwi kama kozi ni ya Kiingereza ila soma hata A1, ngazi ya kwanza, pale Goethe-Institut Upanga, utanishukuru ukishafika. Majibu yanaweza kuchukua wiki sita mpaka kumi na mbili. Na wakikukatalia, ile njia ya kuandika barua ya kupinga ubalozini imefutwa tangu Julai 2025, imebaki kuomba upya au kwenda mahakamani Berlin. Ndo maana nasisitiza faili liende limekamilika mara ya kwanza.

Chumba

Siku hiyohiyo unapopata barua ya chuo, aplai chumba cha Studierendenwerk wa mji wako, hawa ndo wana hosteli za wanafunzi na bei zao ndo nafuu, mara nyingi 250 mpaka 400. Foleni ni ndefu, miji kama München na Berlin ni semesta nzima na zaidi, miji midogo kama Chemnitz au Magdeburg unapata. Hili liweke hata kwenye kuchagua chuo, 992 ya Magdeburg na 992 ya München sio hela moja.

Ukitafuta kwa watu binafsi, kumbuka hili la matapeli: mwenye nyumba "yuko Uingereza kikazi", chumba kizuri katikati ya mji euro 300, anataka utume dipoziti halafu atakutumia funguo kwa posta. Hakuna funguo. Usitume hela kwa chumba ambacho wewe au mtu unayemwamini hajakanyaga ndani. Andikia jumuiya ya Watanzania ya mji huo au wanafunzi wa Afrika Mashariki, kuna mtu atajitolea kwenda kukuangalizia, mimi nimeshaenda kuangalia vyumba sita vya watu nisiowajua. Na uangalie kodi iliyoandikwa ni Kalt au Warm, Kalt ni ukuta mtupu, Warm ni pamoja na maji na joto.

Begi

Kwa ufupi, usilete nyama wala maziwa, hata nyama iliyokaushwa, Umoja wa Ulaya wanazuia na watakunyang'anya uwanjani. Ila samaki ruksa mpaka kilo 20 kwa matumizi yako, kwa hiyo dagaa wa Kigoma karibu sana, wakaushe vizuri wafunge mara tatu. Maembe yanahitaji cheti cha mimea, acha. Jaketi la baridi nunua huku, yale ya nyumbani hayatoshi. Unga wa ugali upo kwenye maduka ya Waafrika, na ule wa chenga za mahindi kwa Waturuki ukipikwa na mtu mvumilivu unakubali.

Ukishafika

Ndani ya wiki mbili tangu uingie kwenye chumba unatakiwa kujiandikisha makazi, Anmeldung, na unaenda na karatasi aliyosaini mwenye nyumba, Wohnungsgeberbestätigung. Mwombe siku ya kwanza unapochukua funguo. Bila Anmeldung mambo mengi yanasimama, namba ya mlipakodi haiji, na ofisi ya wageni hawakupokei.

Siku hiyohiyo andika jina lako kwenye boksi la barua. Hili hakuna aliyeniambia. Huku hakuna sanduku la posta kama letu, mtu wa posta anakuja mlangoni kwako, anasoma majina, na kama jina lako halipo barua inarudi ilikotoka hata kama anwani ni sahihi. Mimi nilikaa wiki tatu nashangaa kadi ya benki na ya bima haziji. Siku moja bibi wa ghorofa ya chini akanishika mkono, akanipeleka mpaka kwenye maboksi, akanionyesha kidole nafasi tupu pembeni ya namba 14, akapanda kwake akarudi na kalamu na selotepu. Kadi ya bima ilikuja Jumanne iliyofuata.

Bima ya afya ni lazima, ya wanafunzi walio chini ya miaka 30 inazunguka euro 140 na kitu kwa mwezi. Ukishafikisha 30 bei ya mwanafunzi inaisha, na sisi wengi tunakuja masta tukiwa na 28 au 29 baada ya kazi, kwa hiyo piga hesabu hiyo kabla hujaja. Kuna na ada ya redio na tivii, euro 18.36 kwa mwezi, hata kama huna tivii, ila ni moja kwa nyumba nzima, mkiishi wanne mnagawana. Barua yake usiitupe, deni linakua.

Kisha miadi ya ofisi ya wageni, Ausländerbehörde, kubadili viza kuwa kibali cha kukaa. Viza yako inaweza kuwa ya miezi mitatu au sita tu na miadi inaweza kuwa mbali kuliko hapo, kwa hiyo omba wiki ya kwanza. Ukiona viza inaisha kabla ya miadi, andika imeili uombe Fiktionsbescheinigung, karatasi ya kukushikilia kihalali. Tunza ile imeili, ndo ushahidi wako.

Kazi

Mwanafunzi wa nje anaruhusiwa siku 140 kamili kwa mwaka au nusu siku 280, sheria hii ni ya tangu Machi 2024. Kima cha chini ni euro 13.90 kwa saa mwaka huu wa 2026. Kazi za chuoni, wanaziita HiWi, kumsaidia profesa au maabara, hizo hazihesabiwi kwenye zile siku, na ndo nzuri kuliko zote kwa sababu bosi wako anajua una mitihani. Semesta ya kwanza, kama unaweza, usifanye kazi kabisa. Mwenye akaunti iliyojaa anaweza.

Mitihani

Hapa hakuna testi moja na testi mbili na maksi za kozi wek za kukubeba. Somo zima mara nyingi ni mtihani mmoja wa mwisho, na sehemu nyingi una nafasi tatu tu, ukifeli ya tatu unaondolewa kwenye kozi, na ukiondolewa kwenye kozi kibali cha kukaa nacho kinatikisika. Halafu, na hili limewaumiza wengi, kuhudhuria darasani sio kujisajili mtihani. Mtihani unajisajili mwenyewe kwenye portal, katika wiki chache tu, vyuo vingi ni kati ya Novemba na Januari kwa msimu wa baridi. Ikipita imepita, hata profesa akikupenda vipi. Weka kengele kwenye simu tarehe 1 Novemba, fungua portal kila Jumatatu mpaka uone dirisha limefunguka, jisajili, kisha piga picha ya skrini inayoonyesha jina la somo na tarehe, uihifadhi mahali ambapo simu ikiibiwa bado utaipata.